Kutoka Springfield hadi Windsor, Kuifuata Panchi

Nilikwenda Springfield, jimbo la Massachusetts, kutazama mashine. Shemeji yangu anafanya kazi huko katika karakana ya kukereza vyuma, na kwa muda mrefu alikuwa akinisimulia habari za bonde la Mto Connecticut, ambako Wamarekani walijifunza kuunda bunduki zenye vipuri vinavyobadilishana. Kwetu Tanzania gobore la mwindaji huundwa na mhunzi mmoja, na kifyatuo chake hakiingii katika gobore jingine mpaka kisuguliwe kwa tupa. Nilitaka kuona ni nani aliyeipumzisha tupa.

Siku ya kwanza tulipanda kilimani kwenye ghala kuu la silaha la zamani, ambalo sasa ni jumba la makumbusho la taifa. Kiwanda cha bunduki kilichokuwa hapo kilianza mwaka 1794 na serikali ikakifunga mwaka 1968. Mlangoni nilitarajia harufu ya grisi. Nikakuta sakafu zinazong'aa, mtunzaji mwenye kofia pana, na rafu ndefu ya mamia ya bunduki za karne ya 19 zimesimamishwa wima, midomo juu, safu juu ya safu. Nilisimama pale hadi shemeji akanivuta mkono.

"Njoo huku shemeji, hii ndiyo niliyokuletea."

Ilikuwa mashine ya Thomas Blanchard ya kuchongea vitako vya mbao, iliyobuniwa mnamo 1819. Gurudumu moja linapapasa kitako cha mfano, na kisu upande wa pili kinafuata kila bonde na kila mwinuko, kikichonga kitako kipya kinachofanana na kile cha kwanza. Mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, angekaa mbele yake asubuhi nzima. Mbele kidogo kuna habari za John Garand, mzaliwa wa Kanada, aliyebuni bunduki ya M1 iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1936. Zaidi ya milioni nne ziliundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na yeye hakulipwa mrabaha wowote. Hilo liliniuma, nami nalisema wazi.

Kesho yake tukashika barabara ya kaskazini, mto ukiwa upande wetu wa kushoto kisha wa kulia, na majani ya miti yamegeuka rangi ya bizari na pilipili. Windsor, jimbo la Vermont, ni mji mdogo wenye daraja refu la mbao lililoezekwa paa, la mwaka 1866. Karibu na kijito kuna jengo la matofali la Robbins & Lawrence la mwaka 1846, ambalo siku hizi ni makumbusho ya mashine. Mwaka 1851 kampuni hiyo ilipeleka bunduki sita kwenye maonyesho makubwa ya London. Zilifunguliwa, vipuri vikachanganywa, zikaungwa tena, na zote zikafanya kazi. Waingereza walistaajabu hata wakaja kununua mashine kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield, kile kile ambacho jina lake wazee wetu waliotumikia jeshi la kikoloni la KAR walilibeba begani.

Basi nilidhani nimemaliza: mashine imemshinda mhunzi. Jioni ile ndipo mwenyeji wetu, mwalimu wa zamani wa shemeji katika kazi ya kukereza, alipotushusha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake.

Mshangao wangu wa kwanza ulikuwa wa kisheria. Nchini Tanzania bunduki haimilikiwi bila leseni, na anayeitengeneza naye lazima awe na kibali. Hapa mzee alikuwa anaunga bunduki ya aina ya AR-15 kwenye meza ya kazi nyumbani kwake, na vipuri vingi vilikuja kwa posta ndani ya bahasha. Kipande kimoja tu, chenye namba, ndicho kinachohesabiwa kisheria kuwa bunduki. Hicho alikinunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Na kwa kuwa sheria yao inamkataza mgeni wa viza ya matembezi kuwa na silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache, mimi nilikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani.

Mshangao wa pili ulikuwa panchi, vile vijiti vya chuma vinavyogongwa kwa nyundo. Alifungua droo zikalala mbele yetu zaidi ya ishirini. Za kutolea pini, nyembamba na ndefu. Zenye chunusi ndogo nchani, za pini zilizo wazi katikati, ili ncha isiteleze ikakwaruza. Za shaba nyekundu na za shaba ya njano, laini, zisizoumiza rangi. Halafu zile za kupanchi, yaani kusogeza chuma kwa pigo, na hiyo ndiyo aliyoiita kazi yenyewe.

Nyuma ya bunduki hiyo kuna bomba linaloshika kitako. Bomba hukazwa kwa nati ya duara yenye mikato pembezoni, na mbele ya nati kuna bamba jembamba la chuma. Kila risasi ikitoka, mtikisiko huilegeza nati kidogo kidogo. Dawa yake ni kupanchi: kupiga bamba karibu na mkato wa nati, chuma kisogee na kuujaza. Hapo nilicheka kwa furaha, maana gereji za Temeke zinafanya hivyo hivyo kwenye nati ya ekseli ya gari: fundi anakaza, kisha anachukua tindo butu na kuizamisha shingo ya nati kwenye mfereji wa ekseli. Vipuri vya Windsor vinabadilishana, naam, lakini kinachovizuia kuachana bado ni nyundo na mkono wa mtu.

"Kwa nini usitumie gundi ya kukazia nyuzi za nati?" nikauliza.

Mzee alisema moto huilegeza. Akanionyesha kibomba kidogo cha kupokea gesi, kilichofungwa kwa skrubu mbili juu ya kipande kinachokwenda mbele na nyuma. Pale joto ni kali, na skrubu ikilegea gesi inavuja, bunduki inagoma. Kwa hiyo nazo hupanchiwa.

Kisha akanipa bamba chakavu na nati mbovu, vitu ambavyo si silaha, akavibana kwenye jiliwa. Panchi iliyochongoka sana, alieleza, inatoboa tundu tu au inapasua ukingo. Ile ya springi inayojipiga yenyewe inafaa kuweka alama ya keekee, ila kwa bamba la chuma nguvu yake ni ndogo. Yake ilikuwa ya chuma kigumu, ncha imefanywa mviringo kidogo kwa jiwe la kunolea. Anaanza wima, karibu na ukingo, halafu anailaza kuelekea mkato. Nyundo iwe na uzito, mapigo yawe machache. Chuma kilisogea kama ugali unaosukumwa na mwiko hadi pembeni mwa sufuria, na mimi mwenyewe nikaona mkato unajaa chini ya pigo langu. Raha yake ni ngumu kueleza!

Alinivalisha miwani kabla ya hayo yote. Kichwa cha panchi kikipanuka kama uyoga kinaweza kurusha kipande, kwa hiyo hukisaga mara kinapoanza. Na mwili wa bunduki ni aluminiamu, haubanwi mtupu kwenye jiliwa: kuna gogo maalumu linaloingia pale pa kutilia magazini, ndilo linalobeba kishindo.

Tuliporudi kusini tulipinda kununua panchi hadi Athol, Massachusetts, mji ambao Laroy Starrett alianzisha kampuni yake ya vifaa vya kupimia mwaka 1880. Panchi za kampuni hiyo zina mashiko yenye makunyanzi, haziponyoki hata mkono ukiwa na mafuta. Shemeji alishauri ile ya springi kwa kuwa ni nzuri machoni. Nilichagua mbili za kawaida, nene, ambazo ncha zake nitazifanya mviringo mwenyewe, moja ni ya fundi wa Temeke. Zote zilikwenda kwenye sanduku la mizigo, kwa sababu zana zenye urefu wa zaidi ya inchi 7 haziruhusiwi kwenye mizigo ya mkononi.