Ukienda Loiyangalani kwa pikipiki, beba petroli yako

Msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, huenda hujawahi kuliwazia sana tangi la pikipiki. Petroli ikipungua unaingia kituo kilicho karibu, unalipa, unaendelea na shughuli zako. Lakini iko sehemu ya nchi yetu ambapo ukubwa wa tangi ndio huamua utafika wapi, na pengine hata kama utarudi. Sehemu hiyo inaanza pale unapoiacha lami mjini Laisamis, katika Kaunti ya Marsabit, na kuelekeza gurudumu la mbele upande wa Ziwa Turkana.

Hapo awali hata kufika Laisamis kulikuwa jambo la kusimulia. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, mwendo wa kilomita zipatazo 500, ilikuwa ya mawe na vumbi, na magari yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na polisi kwa kuhofia majambazi. Siku hizi lami imefika hadi mpakani. Kutoka Isiolo unapita Archer's Post, unavuka Mto Merille, na kabla jua halijawa kali uko Laisamis ukinywa chai. Wepesi huo ndio unaowahadaa wengi. Mtu huona kwamba nusu ya safari imekwisha bila taabu, akadhani nusu iliyobaki ni vivyo hivyo.

Kutoka Laisamis unashika barabara ya changarawe ya kilomita 208 hadi Sarima. Barabara hii ilitengenezwa ili malori yaweze kubeba mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, mitambo 365 iliyosimamishwa huko kama msitu wa chuma. Mradi huo wa megawati 310 ulizinduliwa rasmi mwaka 2019. Ukiiona mitambo hiyo ikizunguka utajua kwa nini walichagua mahali hapo, kwani upepo wa Sarima unaweza kukusukuma wewe na pikipiki yako hadi ukingoni mwa barabara. Na upepo wa mbele, msomaji, hunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Ukishapita Sarima, changarawe nzuri inakuwa hadithi. Unakutana na mawe meusi ya volkeno, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, yamemwagwa kila mahali hadi chini kwenye ziwa lenyewe. Hapo unaendesha kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma na mwendo ukiwa wa kinyonga. Kisha ziwa linajitokeza, rangi yake ya kijani kibichi, na mbele kidogo ni Loiyangalani, mji mdogo wenye chemchemi na mikoma katikati ya nchi kavu.

Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Tuchukue pikipiki ambayo waendeshaji wa safari hizi huipenda, Honda CRF300L. Ni nyepesi na ina springi ndefu za kumeza mashimo, ila tangi lake ni la lita 7.8 tu. Kwenye lami, ukienda kwa utulivu, tuseme lita moja inakupeleka kilomita 30. Tangi zima ni kilomita 234. Kwenye mchanga, mawe na upepo, hesabu kilomita 20 kwa lita na usiwe na tamaa ya zaidi. Tangi lile lile sasa ni kilomita 156. Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani ni karibu kilomita 250. Unahitaji lita 12 na nusu, na ukiongeza robo yake kwa ajili ya kupotea njia au kurudi nyuma, unakaribia lita 16. Umepungukiwa na lita nane.

Utaniuliza, je, Loiyangalani na vijiji vya njiani hakuna petroli? Ipo. Mara nyingi huuzwa kutoka kwa mapipa na chupa, kwa bei inayozidi ya mjini, na kupatikana kwake jana si hakikisho la kupatikana leo. Isitoshe, kuna jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii. Petroli ile imebebwa hadi kule kwa shida kwa ajili ya watu wa kule. Kijana wa bodaboda wa Loiyangalani au North Horr ndiye gari la wagonjwa la watu wengi. Usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtoto akiumwa na nyoka, ni pikipiki inayotafutwa. Mkija watalii wanne kutoka Nairobi mkakausha pipa la mwisho ili mkapige picha Chalbi, mmewaachia wenyeji pipa tupu na usiku mzima mbele yao. Ndiyo maana nasema beba yako.

Haja ya kubeba petroli ya ziada jangwani si ngeni. Jina lenyewe jerikeni lina historia. Wajerumani walibuni mkebe wa chuma wa lita 20 katika miaka ya 1930, wenye vipini vitatu na kifuniko kisichovuja. Vita Vikuu vya Pili vilipofika jangwa la Afrika Kaskazini, Waingereza waliokuwa na mikebe ya bati laini iliyovuja ovyo waliitamani ile ya adui, wakaiteka, kisha wakaiga umbo lake. Kwa kuwa askari wa Kiingereza walimwita Mjerumani Jerry, mkebe ukawa wa Jerry, na leo mama anayeteka maji Korogocho analitaja jina hilo bila kujua habari za vita.

Kwa upande wa pikipiki, waliolivalia njuga jambo hili ni watu wa mashindano. Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977, akaokolewa, na badala ya kuapa kutorudi tena akaanzisha mashindano ya Paris–Dakar. Ya kwanza yaling'oa nanga Desemba 26, 1978, na mshindi akawa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500. Mwaka 1983 Yamaha wakaanza kuuza pikipiki iliyoitwa Ténéré, jina la jangwa la Niger, yenye tangi la karibu lita 30. Tangu hapo hata mtu asiyeshindana na yeyote aliweza kununua pikipiki ya kuvukia jangwa.

Wewe usiye na Ténéré una njia tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha tangi zima. Kampuni kama Acerbis ya Italia hutengeneza matangi makubwa ya plastiki nzito, yaliyochongwa kufuata umbo la pikipiki fulani, na kwa CRF300L kuna la lita 14. Uzuri wake ni kwamba petroli inakaa mbele na chini, karibu na magoti yako, mahali ambapo pikipiki haisumbuki kuibeba. Likianguka kwenye mawe halipondeki kama la bati. Ubaya ni bei, pamoja na gharama ya kulileta nchini. Pia kumbuka kwamba pikipiki za kisasa zina pampu ndani ya tangi, na sharti fundi aihamishe bila kuharibu mpira wa kuzuia kuvuja. Pampu hiyo hupozwa na petroli yenyewe, kwa hivyo usiwe na mazoea ya kuendesha hadi tone la mwisho. Wenye pikipiki za zamani za karabureta wana raha yao: kuna rizavu ya kufungulia kwa mkono, na tangi kubwa likibakisha petroli upande usio na bomba, unailaza pikipiki kidogo ikahamia upande wa pili.

Njia ya pili ni ile ambayo Mkenya huifikiria kwanza, yaani kumwendea fundi wa Jua Kali aongezee tangi lako la chuma mbavu za pembeni. Mafundi wetu ni hodari, sibishi. Lakini tangi lililotoka kutumika, hata likiwa limekauka kabisa, lina mvuke wa petroli ndani yake, na mvuke huo ukichanganyika na hewa ndio hasa unaolipuka. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Fundi anayejua kazi yake huliosha, hulijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea, na huacha mdomo wazi. Fundi anayekuambia lilete tu tulipige moto, mshukuru, ubebe tangi lako uondoke. Mimi binafsi sioni kwa nini mtu ahatarishe macho ya fundi kwa ajili ya lita nne.

Ya tatu, na ndiyo wengi wanaimudu, ni kubeba petroli katika vyombo vya kando. Kuna mikebe bapa iliyotengenezwa kwa petroli, na kuna mifuko mizito ya plastiki maalum inayokunjwa ikiisha. Usibebe katika mtungi wa mafuta ya kupikia. Plastiki yake haikukusudiwa kazi hiyo. Huvimba kwa joto, na kifuniko huanza kulia machozi hapo hapo mgongoni mwa injini. Chombo chochote usikijaze pomoni. Petroli iliyonunuliwa Isiolo asubuhi ya baridi huongezeka ikipata joto la mchana, takriban asilimia 3 ikiwa joto limepanda nyuzi 30, na isipopewa nafasi itaitafuta. Unapojaza kituoni, kiweke chombo chini ardhini, kisiwe juu ya pikipiki wala mikononi, kwa sababu katika hewa kavu cheche ndogo ya umeme tuli inatosha. Wakenya hatuhitaji kufundishwa petroli inaweza kufanya nini. Sachangwan, Januari 31, 2009, ilituchukulia zaidi ya watu 100.

Tuje kwenye uzito. Lita moja ya petroli ni takriban robo tatu ya kilo, kwa hivyo lita nane ni kilo sita hivi. Si nyingi, bali mahali pa kuziweka ndipo penye neno. Ukizifunga zote nyuma kabisa juu ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na mchangani litacheza huku na huku kama mkia wa mjusi. Zifunge chini na mbele, kandokando ya kiti, mbali na bomba la moshi, ambalo kwa CRF300L liko kulia. Tena usingoje tangi liishe. Mara tu lina nafasi ya kutosha, simama kivulini, acha injini ipoe, umimine petroli ya ziada kupitia chujio au kitambaa safi. Ukifanya hivyo mapema unapunguza mzigo, na hata chombo kikitoboka baadaye hujapoteza kitu.

Kila lita ya petroli unayoongeza huwania nafasi na lita ya maji. Wengi hupatwa hapo. Wanajaza petroli ya kuwafikisha mbali, halafu wanabeba chupa mbili za maji. Kwa joto la huko, usiondoke na chini ya lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku. Petroli ikiisha ukiwa na maji, unakaa kando ya pikipiki ukingoja gari. Maji yakiisha ukiwa na petroli, na gurudumu limepasuka, hali ni nyingine kabisa. Usiiache pikipiki ukaanza kutembea.

Kutoka Loiyangalani si lazima urudi ulikotoka. Ukiwa umeuliza hali ya usalama kwa polisi au kwa chifu, na ukipata mwenzako wa pikipiki nyingine, unaweza kuzunguka kwa North Horr, Kalacha na Maikona hadi mjini Marsabit, mwendo usiopungua kilomita 250. Hapa ndipo lile Jangwa la Chalbi lilipo, uwanda mweupe wa chumvi uliokuwa ziwa zamani za kale. Ukiwa mkavu ni laini kama meza na mazigazi yatakuonyesha maji pande zote. Ukiloa, hata kwa mvua moja, ni matope yanayomeza magurudumu, na ile hesabu ya kilomita 20 kwa lita inakuwa ndoto. Mkikuta Wagabra wakiwapeleka ngamia kunywa Kalacha, zimeni injini mngoje wapite. Ngamia naye ana tangi lake la ziada mgongoni. Wengi hudhani ni la maji, kumbe ni mafuta matupu.

Baada ya Maikona unaanza kuupanda Mlima Marsabit, hewa inapoa, miti inarudi, na mjini kuna vituo vya petroli na lami ya kukurudisha Nairobi. Petroli iliyosalia kwenye mikebe imimine tangini papo hapo. Mikebe mitupu ifungue vifuniko ukiwa nje, iache siku moja au mbili ipigwe na upepo mahali wasipochezea watoto. Usiiingize ndani ya nyumba ikiwa ingali inanuka, na kamwe usiiweke karibu na jiko.