Kimoja Kikibadilika

Nimefanya kazi ya ufundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo mjini Tanga, na kama kuna jambo kazi hiyo imenifundisha, ni kwamba mashine haiendi kwa nguvu ya chuma peke yake. Huenda kwa mapatano. Sindano ina wakati wake wa kushuka, ndoano ina wakati wake wa kupita na kushika uzi, na kitambaa kina wakati wake wa kusogea. Mteja akiweka uzi mzito bila kubadili sindano, uzi utakatika kila hatua, naye atakuja kulalamika kwamba cherehani ni mbovu. Cherehani si mbovu. Kimoja kimebadilika na wenzake hawakuambiwa.

Sikutazamia kuyakuta maarifa hayo mahali nilipoyakuta, yaani kwenye meza ya mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akijaza risasi zake mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda jimbo la Ohio kukaa na binti yangu na wajukuu kwa karibu mwaka mzima, na mtu huyo alikuwa jirani yetu, mstaafu wa kiwanda cha vyuma. Nilimwita Mzee, nilipomweleza maana yake alilipenda jina hilo. Mimi sina bunduki wala sijapata kuitamani. Binti yangu hakufurahia ziara zangu. "Baba, unafuata nini kwa mtu wa bunduki?" aliniuliza. Nilimjibu, "Nafuata mizani, mwanangu. Macho ya Mzee yamepungua, amenialika nimsomee."

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba raia hujitengenezea risasi nyumbani. Nchini Marekani jambo hilo ni halali, na wawindaji na walenga shabaha wengi hulifanya. Ganda la shaba halitupwi baada ya kupigwa. Husafishwa, fataki iliyotumika ikatolewa, na ganda likashindiliwa ndani ya kalibu ili lirudie kimo chake. Kisha huwekwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, na mwisho kichwa cha risasi. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, uzembe wa kufumba na kufumbua unatosha kuleta msiba. Ganda likikosa baruti, fataki peke yake yaweza kukisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata huenda ikaupasua. Ganda likijazwa mara mbili, mambo ni hayo hayo au mabaya zaidi.

Kwa hiyo Mzee alikuwa na miiko yake. Chupa mbili za baruti hazikukaa mezani kwa wakati mmoja. Kitabu cha vipimo kilikuwa wazi mbele yake hata kwa kipimo alichokijua kwa moyo, na hakukivuka kamwe. Redio ilizimwa. Kila ganda lilimulikwa kwa taa kabla halijafungwa, na lililotiwa shaka lilimwagwa likaanzwa upya.

Bunduki aliyoihangaikia zaidi ilikuwa ya mtutu mfupi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 huitaka bunduki ya aina hiyo, yenye mtutu usiofika inchi 16, iandikishwe serikalini, na yake ilikuwa imeandikishwa. Alinieleza kwa nini bunduki fupi ina makuu. Bunduki hiyo hujipakia yenyewe kwa gesi ya baruti. Kichwa cha risasi kikishapita tundu dogo lililo kwenye mtutu, sehemu ya gesi hurudi nyuma na kuisukuma bolti, ganda tupu likatolewa, na springi ikairudisha bolti pamoja na risasi mpya. Yote hayo huhitaji muda. Mtutu ukiwa mrefu, gesi hupata nafasi ya kufanya kazi yake kabla risasi haijatoka. Ukifupishwa, tundu husogea karibu na moto ambako msukumo ni mkali, na muda wa kusukuma hupungua. Gesi ikiwa haba, bolti hairudi mpaka mwisho na ganda hubanwa njiani. Ikizidi, bolti hufunguka mapema, ganda likiwa bado limevimba na kung'ang'ania kuta za chemba, na kile kidole kinacholivuta huweza kuing'oa kingo yake. Nilicheka peke yangu. Hiyo ilikuwa ndoano na sindano yangu, ila hapa kulikuwa na moto.

Alinisimulia pia kisa ambacho kila mpenzi wa bunduki wa nchi hiyo anakijua, cha bunduki ya M16 katika vita vya Vietnam. Bunduki hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa baruti ya aina moja. Mwaka 1964 Jeshi likaidhinisha nyingine, ya chembe za mviringo. Baruti hiyo mpya iliifanya mashine iende mbio kuliko ilivyokusudiwa, na iliacha masizi zaidi. Chemba haikuwa imepakwa kromiamu ya kuzuia kutu katika nchi ile ya unyevu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kutosha vya kusafishia, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba silaha hiyo haihitaji kuangaliwa sana. Bunduki zilikwama, na wapo vijana waliokutwa wamekufa kando ya silaha zilizokwama. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya mwenyekiti Richard Ichord, ilichunguza na kuwashutumu vikali wahusika. Chemba zikapakwa kromiamu, kizuizi cha nyuma ya bolti kikabadilishwa, mafunzo ya usafi yakatiliwa mkazo.

Tazama basi: baruti ile haikuwa mbaya kwa asili yake, wala bunduki haikuwa mbaya kwa asili yake. Kimoja kilibadilishwa ofisini, na aliyelipa gharama ni kijana aliyelala matopeni, ambaye hata habari ya mabadiliko hakuwa nayo.

Majira yote ya baridi nilimsomea Mzee mizani. Yeye aliona ndani ya maganda, mimi niliona namba. Theluji ilipoanza kuyeyuka, jioni moja alilimulika ganda, akaligeuza, akalimulika tena, kisha akaweka taa chini. Nilijitolea kumwangalizia na hayo pia. Akatikisa kichwa. "Ukiangalia wewe nikapiga mimi, siku ya ubaya ni macho ya nani yatakayojibu?" Akairudisha baruti katika chupa yake, akafuta meza, na hakujaza tena. Vyombo alimpa kijana wa klabu yao ya shabaha.

Lakini kazi haikuishia hapo. Akiwa sasa ananunua risasi za kiwandani, alijua kwamba bunduki nayo lazima iambiwe. Alikwenda nayo uwanjani siku kadhaa, akapiga chache chache, akitazama maganda yanakoangukia, kwa maana ganda linaloruka mbali mno au linalodondoka miguuni husema kitu kuhusu bolti. Alibadili springi, akajaribu tena, mpaka akaridhika.

Wengi wetu hatuna ujasiri huo. Mtu huona usiku taa za magari zimekuwa ukungu mbele yake, naye huendelea kuendesha basi la abiria, akisubiri ajali imwambie alichokwisha kujua. Mwingine mshahara umepungua, lakini nyumbani hasemi, na familia inatumia kwa kipimo cha jana. Tunadhani kunyamaza ni kulinda heshima, kumbe tunawaacha wenzetu waende kwa mwendo wa zamani, mpaka kitu kikwame mikononi mwa asiye na habari.

Mimi nami kutunga sindano nyembamba siku hizi kunanichukua dakika nyingi kuliko zamani. Nimekwisha kumwambia kijana wangu wa kazi kwamba kurekebisha ndoano sasa ni jukumu lake, na wateja nimewaambia vilevile. Mmoja alinipa pole. Nilimshukuru, ingawa sikuona kama ni msiba. Macho yamebadilika, nami nimeyasema mapema, cherehani za watu zikiwa bado nzima.