Kwa Nini Nagana Haina Chanjo

Nimekulia Piyaya, wilayani Ngorongoro, ambako akiba ya boma ni ng'ombe. Simba huua ng'ombe mmoja akaenda zake. Mbung'o huacha nagana. Homa hushuka, kisha hupanda tena, na ng'ombe hukonda hata nyasi zikiwapo. Dawa zipo, chanjo hakuna. Kwa nini?

Jibu nililipata kwenye somo la jeni. Trypanosoma brucei, mojawapo ya vimelea vya nagana, hujifunika koti la protini. Kina jeni na vipande vya jeni za makoti zaidi ya 2,000, lakini huvaa koti moja tu kwa wakati. Jeni nyingine hunyamazishwa. DNA yake imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na kimeng'enya DOT1B hubandika methili juu ya histoni hizo. Watafiti walipokiondoa kimeng'enya hicho, baadhi ya jeni zilizonyamaza zilianza kufanya kazi.

Aidha, DNA ikikatika karibu na jeni inayotumika, kimelea huweza kuikarabati kwa kunakili jeni nyingine. Hapo koti hubadilika. Kingamwili zilizolizoea koti la jana haziwezi kulitambua la leo, na homa hurudi.

Kwa hiyo, mtahiniwa mwenzangu, kumbuka kwamba kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kufanya kazi ni jambo jingine. Kwetu wafugaji, tofauti hiyo ndiyo inayotulazimu kupambana na mbung'o mwenyewe kwanza.