Hesabu Isiyo na Jibu

Nataka kuwasimulieni habari ya hesabu moja iliyonifedhehesha mbele ya wanafunzi wangu. Fedheha ile niliistahili.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya misioni. Siku ya mtihani niliandika ubaoni mlinganyo huu, nilioutoa katika daftari yangu ya zamani:

x/(x − 3) = 2 + 3/(x − 3)

Mlinganyo ni kama mizani: upande wa kushoto na wa kuume lazima uzito wao uwe sawa, nasi twatafuta ile x isiyojulikana. Njia tuliyofundishwa sote ni kuziondoa kwanza sehemu. Zidisha pande zote mbili kwa namba ya chini, yaani x − 3. Wapata x = 2(x − 3) + 3, maana yake x = 2x − 3, na mwisho x = 3. Ni kazi ya dakika mbili. Wanafunzi waliandika 3, nikawapa alama zao. Msichana mmoja tu aliandika: “Hakuna jibu.” Nikampa sifuri kwa wino mwekundu, tena nikamwambia kwa ukali, wenzake wakisikia, ya kwamba uvivu si jibu.

Hakulia. Alisimama, akasema kwa adabu: “Samahani, Mwalimu. Tuweke 3 mahali pa x, tuone.”

Nikashika chaki kwa hasira, nia yangu ni kumwaibisha. Chini ya mstari nikaandika 3 − 3. Sifuri! Kushoto, 3 juu ya sifuri. Kuume, vile vile. Mkono wangu ukasimama pale pale ubaoni.

Kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Watoto huambiwa tu kwamba ni marufuku, lakini sababu yake si ngumu. 12 kugawanya kwa 3 ni 4, kwa kuwa 4 mara 3 yarudisha 12. Sasa, ni namba gani ambayo ukiizidisha kwa sifuri yarudisha 12? Hakuna hata moja. Na sifuri kugawanya kwa sifuri je? Hapo kila namba yafaa, basi hatuwezi kuchagua yo yote. Brahmagupta, mtaalamu wa Bara Hindi aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628, alisema kwamba jibu lake ni sifuri, akakosea. Hilo lilinifariji kidogo usiku ule, lakini si sana.

Maana niliendelea kujiuliza: lile 3 limetoka wapi? Kila hatua ilionekana kuwa ya haki. Nikatwaa uongo ulio wazi: 5 = 8. Nikazidisha pande zote mbili kwa sifuri: 0 = 0. Kumbe uongo umegeuka kweli! Ndivyo ilivyokuwa. Nilipozidisha kwa x − 3, sikujua kama ni sifuri au sivyo, nikaifungulia mlango namba isiyokuwa ya nyumba ile.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, yafaa kuandika kando: x isiwe 3. Ikiwa mwishoni imebaki namba iliyokatazwa peke yake, andika bila woga kwamba hakuna jibu. Ila usitupe yote kwa haraka. Katika x²/(x − 2) = 4/(x − 2) wapata 2 na −2; 2 yakataliwa, lakini −2 yafaa kabisa, kila upande ni −1.

Kuna na hesabu inayokosa jibu kwa sababu nyingine. Katekista amekwenda kwa baisikeli kijiji kilicho mbali kilometa 20, kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa. Ataka safari nzima, kwenda na kurudi, iwe na wastani wa kilometa 20 kwa saa. Arudi kwa mwendo gani? Twaandika 20/10 + 20/x = 40/20, yaani 20/x = 0. Haiwezekani: saa zake 2 zimekwisha katika kwenda, hata akirudi kama umeme.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa, nikamwomba msichana yule msamaha kwa sauti ile ile niliyomkemea. Nikampa alama zote. Wengine sikuwanyang’anya zao, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mwalimu mwenzangu aliniambia nimejivunjia heshima, sikumjibu.

Daftari ile ya zamani ninayo hata leo. Chini ya mlinganyo ule limeandikwa 3 kwa mkono wangu wa utoto, na kando yake ipo alama ya sahihi, ya mwalimu wangu.