Jasi ya Makanya na hesabu za Ksp

Kwenye testi ya kemia muhula huu lilikuja swali la kalsiamu salfeti ndani ya maji yenye salfeti ya moli 0.001 kwa lita. Ksp tulipewa, 2.4 × 10⁻⁵. Nusu ya ukumbi waliandika s × 0.001, wakagawanya, wakapata 0.024, wakatoka nje wanacheka.

Sasa iangalie hiyo namba. Kwenye maji matupu unachukua kipeuo cha pili cha Ksp, unapata 0.0049. Yaani salfeti iliyotangulia majini imeisaidia chumvi iyeyuke mara tano zaidi? Mbona tulifundishwa kinyume chake: ioni ya pamoja hupunguza uyeyukaji. Jibu linajikataa lenyewe, na kuligundua ni sekunde kumi tu.

Kufuta s kwenye (s + 0.001) si dhambi, ila s lazima iwe ndogo kweli. Weka salfeti 0.05: s inakuwa 0.00048, kama asilimia moja ya 0.05, futa tu. Kwa 0.001 huna ujanja, tatua mlinganyo wa kipeo cha pili. Utapata 0.0044. Imeshuka kidogo, kwa sababu ioni iliyoongezwa ni kidogo.

Mimi kalsiamu salfeti naijua kabla ya Ksp. Kwetu Same inachimbwa Makanya, chini ya Milima ya Pare, tunaiita jasi. Viwanda vya saruji huisaga pamoja na klinka ili saruji isigande haraka mikononi mwa fundi. Baba yangu mdogo ni mchimbaji, na likizo aliniuliza: "Wewe msomi, mvua ikinyeshea lundo langu inaondoka na kiasi gani?"

Kwa jedwali, 0.0049 ni gramu 0.84 za jasi kwa lita. Kumbe ukipima kweli, lita moja hubeba karibu gramu 2.4! Ioni nyingine hushikana wawili wawili bila kurudi kuwa mango, na zilizobaki huzuiana nguvu. Ksp tupu haihesabu hayo. Hili darasani tulipewa dakika mbili, nami naona lilistahili kipindi kizima.

Nikampa baba mdogo namba iliyopimwa: lita elfu za mvua, zikikaa hadi zishibe, haziwezi kuondoka na zaidi ya kilo mbili na nusu. Na mvua ya kwetu haikai. Akapiga hesabu yake, akasema basi turubai ni ghali kuliko hiyo jasi.