Simulesheni si simulizi

Wadau, kuna neno linalotusumbua sisi tunaoandika habari za utafiti: simulesheni. Wapo wanaodhani ni binamu wa simulizi. Wapi! Kusimulia ni kwetu, sauti zimefanana tu. Hili lingine ni la Kilatini, simulare, yaani kuiga au kujifanya, na shina lake ni similis, kufanana. Waingereza walipolipokea, karne ya 14, lilikuwa neno la lawama: kujionyesha usivyo. Kinyonga, kwa kifupi. Maana ya kuiga jambo ili ulichunguze ilishika kasi baadaye sana, miaka ya 1940, kompyuta za mwanzo zilipoingia maabara.

Sasa twende Ifakara. Mwaka 2008 watafiti wa malaria walichapisha maelezo ya banda kubwa la wavu walilolijenga huko: ndani mna nyumba ya kienyeji, banda la ng'ombe, mimea ya bondeni na vidimbwi vya kuzalia mbu. Kijiji cha kuiga! Kizimba cha maabara ni kidogo mno, na kuachia mbu nje ni hatari. Mwaka 2010 wakaripoti kwamba mbu aina ya Anopheles arabiensis wamezaliana humo wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Kijiji ni cha bandia, lakini ndoa za mbu ni za kweli kabisa (hakuna aliyewaambia kwamba wako kwenye maigizo).

Ndiyo maana tafsiri ya "maigizo" hainikai vizuri. Inanuka Kaole. Mimi nasema "uigaji": anayeiga hapa hamdanganyi mtu, anatangaza mapema kwamba hiki ni mfano.

Ila mfano nao huzeeka. Kwenye Namawala, kijiji cha bonde hilohilo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hesabu hizo ziliingia kwenye uigaji wa malaria wa kompyuta uliochapishwa 2006 na wanasayansi walioongozwa kutoka Uswisi, ule unaosaidia kupima chanjo au chandarua kingefaa kiasi gani kabla ya pesa kutoka.

Namawala ya kwenye kompyuta ikabaki inaumwa vilevile, mwezi kwa mwezi. Huku nje, mradi wa KINET ulikuwa umeanza kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga tangu 1997.