Tovuti Niliyoiandika kwa Mkono

Mwaka 2006 mtu wa Lizaboni aliyetaka intaneti alikwenda mjini Songea kati, akalipia nusu saa kwenye kafe na kuomba umeme usikatike. Mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na mawasiliano ya Tanzania na dunia yalipita kwenye satelaiti, hivyo picha moja ilifunguka kipande kwa kipande. Huko ndiko nilikofungulia blogu. Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe, alikuwa amekwisha kutuonyesha kwamba Kiswahili kina nafasi yake mtandaoni, na Issa Michuzi alikuwa ameanza kurusha picha zake mwaka 2005. Mimi niliandika ninayoyajua: simulizi za wazee wa Kingoni, bei ya mahindi, na kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji kila tarehe 27 Februari.

Blogu ile ilinifaa. Nilijaza jina, nikachagua rangi, nikaanza kuandika bila kujua kilichokuwa nyuma yake. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ukafika Dar es Salaam, simu janja zikaenea, wasomaji wakahamia Facebook, kisha WhatsApp. Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu wawe na leseni, na blogu nyingi nilizozipenda zikanyamaza. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Masimulizi ya wazee waliokwisha kufariki yalikuwa kwenye kompyuta za watu nisiowajua, kwa masharti wanayoweza kuyabadilisha wakati wowote. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa mwaka 2009. Nikapakua kila nilichokuwa nimeandika, nikaamua kujifunza.

Nilichokikuta kilinifurahisha kuliko nilivyotazamia. Ukurasa wa wavuti ni faili la maandishi tu. Unaliandika kwenye Notepad, unalipa jina linaloishia na .html, unalifungua kwenye kivinjari hata kama huna bando. Kijana wa jirani aliyesomea kompyuta alinionyesha namna ya kutazama msimbo wa ukurasa wowote. “Hapa hakuna siri, mwalimu,” aliniambia. “Wewe soma tu.” Alisema kweli. Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee pale CERN ilitolewa kwa watu wote bila malipo tarehe 30 Aprili 1993, na tangu hapo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kujifunza kwa kusoma kazi za wenzake.

HTML nilielewa mapema: hiki kichwa, hii aya, hiki kiungo. CSS, inayopanga rangi, nafasi na ukubwa wa herufi, ilinichukua muda zaidi. Kilichonisumbua kuliko vyote kilikuwa lugha yetu yenyewe. Kila palipokuwa na ng'ombe, kivinjari kilionyesha ngâ€™ombe. Sababu ilikuwa ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na Word: ilihifadhiwa kwa UTF-8, lakini kivinjari kiliisoma kwa mfumo mwingine. Mstari mmoja juu ya ukurasa, wa kutaja UTF-8, ukamaliza tatizo. Nikaongeza mwingine wa kusema kwamba lugha ni Kiswahili, ili programu zinazowasomea wasioona zijue zisome vipi, na mwingine wa kuufanya ukurasa uenee vizuri kwenye kioo cha simu, kwa kuwa huko ndiko majirani zangu wanakosomea. Picha za megabaiti kadhaa nikazipunguza hadi chini ya kilobaiti mia. Bando la msomaji ni fedha yake.

Kwa anwani nilichagua .me.tz, ambayo imetengwa kwa watu binafsi, na cheti cha usalama nikakipata bure kutoka Let's Encrypt. Umeme nao umebadilika: mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa.

Siku hizi wanafunzi wa sekondari huja nyumbani kujifunza, na kila mmoja huanza na ukurasa kuhusu babu au bibi yake, kwa maneno ya mzee mwenyewe. Nawasisitizia wabaki na nakala ya faili zao kwenye flashi. Kampuni inayotunza tovuti ikifunga kesho, faili hizohizo zitapandishwa kwingine siku hiyohiyo, na simulizi za Wangoni zitaendelea kusomwa. Hilo ndilo nililolitafuta, na linawezekana kwa yeyote anayejua kusoma na kuandika.